Mbwa wa kuwinda hufundwa na mkufunzi, lakini mwenyewe naye sharti afundwe

KATIKA majimbo ya kusini mwa Marekani, hususan Georgia na Alabama, si ajabu kumwona mtu akiendesha gari mamia ya kilomita kumpeleka mbwa wa miezi minane “shuleni”. Mbwa mwenyewe hajui aendako. Amelelewa nyumbani, amezoea watoto na amezoea kulala karibu na mlango wa jikoni. Sasa atakabidhiwa mtu asiyemjua, atiwe katika banda lililopakana na mabanda ya mbwa wengine wengi, na kwa muda wa miezi mitatu hivi asimwone bwana wake ila kwa nadra. Huyo bwana naye hurudi nyumbani akiwa na moyo mzito na mfuko uliopungua.

Huenda msomaji akauliza haya yanamhusu nini, ikizingatiwa kuwa uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku humu nchini mnamo 1977, na kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwadhibu anayewinda kwa kujifurahisha au hata kwa kutafuta kitoweo. Makala haya hayamhimizi yeyote kuvunja sheria hiyo. Hata hivyo, Wakenya wanaofuga mbwa wa ulinzi na kuwapeleka kufunzwa ni wengi, na lalamiko lao ni lile lile linalosikika Georgia: mbwa alikuwa hodari mikononi mwa mkufunzi, lakini alipofika nyumbani akawa kana kwamba hajawahi kufunzwa lolote. Wawindaji wa ndege wa Marekani na Uingereza wamelikabili tatizo hilo kwa zaidi ya karne moja. Mashindano ya kwanza ya mbwa wa kuwinda ndege yalifanyika Uingereza mnamo 1865, na Wamarekani wakafuata mnamo 1874 karibu na mji wa Memphis, Tennessee. Tangu enzi hizo, kuwafunza mbwa wa watu wengine imekuwa kazi ya kumlisha mtu na familia yake.

Mbwa wanaozungumziwa hapa wamegawika katika makundi matatu. Wapo wa kuashiria, mathalani pointa na seta. Hawa wakinusa ndege aliyejificha nyasini husimama tuli mfano wa sanamu, pua imeelekezwa kwa ndege, hadi mwindaji afike. Wapo wa kufurusha, kama vile spanieli, ambao hujitosa kichakani na kumfanya ndege aruke. Kisha wapo wa kuokota, wakiwemo Labrador, ambao asili yao ni kisiwa cha Newfoundland nchini Kanada, walikowasaidia wavuvi. Mbwa wa kuokota hukaa kando ya mwindaji, hutazama ndege anakoangukia, kisha huenda kumleta bila kumtafuna.

Yafaa kutenganisha kile ambacho mbwa huzaliwa nacho na kile anachofunzwa. Hakuna mkufunzi amfunzaye pointa kuashiria. Mtoto wa mbwa huyo, hata akiwa wa wiki nane tu, akionyeshwa bawa la ndege lililofungwa kwenye uzi, mara nyingi husimama ghafla, mguu mmoja ukiwa juu na mkia umenyooka. Wenye mbwa hupenda kuwaonyesha wageni mchezo huo na kujigamba nao. Wakufunzi hawaujali sana, kwani hapo mtoto anatumia macho, ilhali kazi atakayoifanya maishani ni ya pua. Wataalamu wanaeleza kwamba kule kuashiria ni kituo kidogo ambacho mnyama mwindaji hukifanya kabla ya kurukia windo lake. Paka hukifanya vivyo hivyo mbele ya panya. Wazalishaji wa mbwa, kizazi baada ya kizazi, wamekirefusha kituo hicho. Mkufunzi hukirefusha zaidi, hadi mbwa aweze kusimama dakika kadhaa huku mtu akimpita, ndege akiruka, bunduki ikilia na ndege akianguka, naye asisogee mpaka aambiwe. Hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa. Pua na hamu ya kuwinda haziuzwi na mkufunzi yeyote, na mbwa aliyezaliwa bila hamu hiyo atarudi nyumbani vile vile alivyokwenda.

Kosa la bunduki

Wakufunzi wengi huwapokea mbwa walio kati ya umri wa miezi sita na mwaka mmoja. Kabla ya hapo, meno ya utotoni huwa hayajabadilika yote, mifupa bado ni laini na akili haijatulia. Lakini haina maana kwamba miezi ya mwanzo ni ya kukaa bure. Uchunguzi wa John Paul Scott na John Fuller, uliofanywa katika maabara ya Bar Harbor, jimboni Maine, na kuchapishwa mnamo 1965, ulionyesha kuwa mbwa ana kipindi maalumu, kati ya takriban wiki ya tatu na ya kumi na mbili, ambapo huamua ni vitu gani vya ulimwengu huu ni vya kawaida na vipi ni vya kuogopwa. Mbwa aliyefungiwa uani katika wiki hizo hufika kwa mkufunzi akishtushwa na kila kitu, na mwezi wa kwanza wa ada hutumika kumtoa woga badala ya kumfunza.

Kwa hivyo kazi ya mwenyewe ni nyepesi, na pengine ndiyo maana hudharauliwa. Amtembeze mtoto wake nyasini, kwenye matope na kwenye maji ya kina kifupi. Amzoeze gari, kamba na kuitwa kwa jina lake. Amwache akimbize panzi na ndege wadogo hadi achoke. Asimkemee kwa kuokota kiatu na kumletea, kwani akikemewa mara tatu kwa kuleta kitu, ataona si haba kutoleta chochote tena. Na asikae akimfunza amri za uwindaji alizozisoma mahali kijuujuu, kwa sababu kulifuta somo baya ni kazi ngumu kuliko kulifunza jema.

Kuna kosa moja lakini linalozidi mengine yote, na hilo hutendwa na watu wenye nia njema kabisa. Mtu humchukua mtoto wa mbwa wa miezi minne, akampeleka kwenye uwanja wa kulengea shabaha, au akafyatua bunduki ya marisau karibu naye “ili aone kama anaogopa”. Mbwa anashtuka na kukimbilia chini ya gari. Mwenyewe, kwa kudhani kuwa mazoea huondoa hofu, anafyatua tena. Kuanzia siku hiyo, mbwa akiiona tu ile bunduki ikitolewa kwenye mfuko wake huanza kutetemeka. Kuna wanaofikia hatua ya kuwaogopa hata ndege, kwa kuwa ndege na mshindo vimekwisha kushikana akilini mwao.

Hofu hii hairithiwi kwa kawaida. Hutengenezwa na binadamu. Kuiponya huchukua miezi, na wapo mbwa ambao hawaponi kamwe. Huo ndio mwisho wa mnyama aliyenunuliwa kwa fedha nyingi na aliyekuwa na pua njema tu.

Njia ya mkufunzi ni kinyume kabisa, na msingi wake unafahamika kwa aliyesoma habari za Ivan Pavlov, yule mwanasayansi wa Urusi aliyeonyesha kuwa mbwa akizoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa, mlio huo pekee utamdondosha mate. Mkufunzi hungoja hadi mbwa awe na uchu mkubwa wa ndege. Ndege akisharushwa, na mbwa akiwa mbioni kumfuata, msaidizi aliye umbali wa mita mia moja au zaidi hufyatua bastola ndogo ya baruti isiyo na risasi. Mbwa hana hata wasaa wa kugeuza shingo. Siku nyingine msaidizi husogea karibu kidogo. Mbwa akionyesha dalili yoyote ya wasiwasi, hurudi nyuma. Baada ya majuma kadhaa, mshindo wa bunduki huwa habari njema: maana yake ndege yupo. Yeyote anayepanga kumpeleka mbwa wake kwa mkufunzi angefanya vyema kumwachia kazi hii yote, asiiguse hata kidogo.

Kumchagua mkufunzi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha zao. Ada hutofautiana, lakini nchini Marekani ni jambo la kawaida kulipa kuanzia mamia kadhaa ya dola hadi zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na mafunzo ya msingi huchukua miezi miwili hadi minne. Mbwa wa kuokota, ambaye hufunzwa kufuata ishara za mikono akiwa mbali majini, huweza kukaa zaidi ya hapo. Juu ya ada huja gharama ya ndege wa kufunzia, nayo katika baadhi ya mikataba huandikwa kando. Kabla ya kupokelewa, mbwa sharti awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, homa ya mbwa na parvo, pamoja na kile kikohozi kinachosambaa upesi penye mabanda mengi. Kwa vile minyoo ya moyo huenezwa na mbu, dawa ya kuikinga nayo haikosi katika orodha.

Hayo ni makaratasi. Jambo la maana ni kwenda mwenyewe na kutazama mbwa wa watu wengine wakifunzwa. Usimtazame mkufunzi, tazama mikia. Mbwa anayefanya kazi huku mkia umeinuka na macho yanang’aa anafunzwa na mtu anayejua kazi yake. Mbwa anayetambaa, masikio nyuma na mkia katikati ya miguu, anatii, ndiyo, lakini anatii kwa kuogopa, na utiifu wa namna hiyo huishia pale fimbo inapoishia. Uliza ni mbwa wangapi walio mikononi mwake na wasaidizi ni wangapi. Mtu mmoja mwenye mbwa arobaini hana jinsi ya kumpa kila mmoja robo saa kwa siku, hata awe na bidii ya mchwa. Uliza pia atatumia ndege wangapi kwa mbwa wako. Anayejibu kuwa ndege ni ghali na kwamba yeye hufunza zaidi kwa vinyago, mpungie mkono wa buriani.

Na anayeahidi mbwa kamili kwa siku thelathini? Siku hizo hutosha kumjua mbwa tu. Mkufunzi mwaminifu huutumia mwezi wa kwanza kuamua kama mbwa anafaa, na akiona hafai, humpigia simu mwenyewe amweleze bayana aje amchukue badala ya kuendelea kupokea ada. Simu hiyo ni chungu, lakini anayeipokea anapaswa kushukuru.

Kuna suala ambalo bado linawagawanya wakufunzi, nalo ni ukanda wa shingoni unaotoa mshtuko wa umeme kwa kubonyezwa kitufe. Wamarekani wengi huutumia, wakidai kuwa katika kiwango cha chini ni sawa na kuguswa begani kutoka mbali. Wales iliupiga marufuku mnamo 2010. Kwa maoni ya mwandishi huyu, ubaya wake mkubwa hudhihirika unapotumiwa kumfunza mbwa jambo asilolijua bado, kwa kuwa mbwa hawezi kujua anaadhibiwa kwa kosa gani, naye huweza kulaumu chochote kilicho mbele yake wakati huo, akiwemo ndege. Asiyetaka kifaa hicho kitumiwe kwa mbwa wake aseme mapema, na yaandikwe.

Ndege ndiye mwalimu

Wiki ya kwanza huwa ya majonzi. Mbwa hula kidogo, hulia usiku na kuchungulia kila gari lipitalo. Wakufunzi wenye busara hawamfunzi lolote siku hizo. Humtembeza tu hadi awazoee.

Kisha huanza desturi ambayo mgeni akiiona kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni adhabu. Mnyororo mrefu hunyooshwa ardhini na kukazwa pande zote mbili, na mbwa kumi hivi hufungwa kwa mafungu mafupi, kila mmoja na nafasi yake. Mmoja hufunguliwa akafanye kazi huku wengine wakitazama. Mwanzoni mbwa mchanga hubweka, huruka na kuung’ata mnyororo. Baada ya siku chache hugundua kuwa kelele hazimfungui yeyote. Hujifunza kukaa kimya, na wakati huo huo hamu yake ya kufanya kazi huzidi kwa kuwaona wenzake. Hivyo hata saa ambazo haguswi na mtu, masomo yanaendelea.

Somo kuu, hata hivyo, hutolewa na ndege. Njiwa au kware hutiwa ndani ya kasha dogo lenye springi, likafichwa nyasini. (Hao kware ni jamaa ya wale ambao Wakenya wengi walikimbilia kuwafuga mnamo 2013 na mwanzoni mwa 2014 kabla ya soko kuporomoka.) Mbwa huletwa na upepo ukimjia usoni, akiburuta kamba ndefu. Akinusa na kusimama, hapatokei chochote. Anaruhusiwa kuendelea kufaidi ile harufu. Lakini akichukua hatua moja tu mbele, mkufunzi hubonyeza kitufe, kasha hufunguka na ndege huruka zake. Hapigwi wala hakemewi. Anabaki akitazama windo lake likitokomea, na baada ya kukariri hali hiyo mara kadhaa anafikia uamuzi wake mwenyewe kuwa ndege hukaa iwapo mbwa atakaa. Somo ambalo mbwa amelivumbua mwenyewe kwa njia hiyo hudumu kuliko lile aliloshurutishwa. Ndiyo sababu ndege wengi wanahitajika, na ndiyo sababu wasio na ndege hawafai kulipwa.

Wakufunzi wakubwa wa kusini mwa Marekani huwa na desturi nyingine. Joto la kiangazi linapozidi huko kwao, hupakia mbwa na farasi kwenye magari na kuelekea kaskazini, Dakota Kaskazini au nyanda za Kanada, ambako kuna baridi kidogo, nafasi tele na ndege wa porini wasiojua kasha wala springi. Mwenye mbwa anapaswa kuulizwa iwapo ameridhia safari hiyo. Mbwa aliyefunzwa kwa ndege wa kufugwa pekee huduwaa anapokutana na wa porini, maana huyu hatoi nafasi ya pili.

Siku ya kurudi nyumbani

Mbwa hana uwezo mkubwa wa kulihamisha somo kutoka mahali pamoja hadi pengine. Amri ya “simama” aliyoisikia mara elfu moja katika uwanja wa mkufunzi, kwa sauti ya mkufunzi, kwake ni sehemu ya uwanja ule na sauti ile. Akifika nyumbani, mwenyewe akaitamka kwa sauti nyingine, huku ameshika chakula na watoto wanacheza, mbwa haasi. Hajatambua kuwa ni amri ile ile. Mwenyewe huirudia. Huirudia tena kwa ukali. Kufikia jioni, mbwa amejifunza kwamba nyumbani neno hilo husemwa mara nne kabla ya kuwa na maana yoyote.

Kwa sababu hiyo, wakufunzi walio makini hukataa kumtoa mbwa hadi mwenyewe aje mara kadhaa ajifunze pamoja naye: maneno gani, kwa sauti gani, mkono uinuliwe lini, na la muhimu zaidi, lini anyamaze. Hata filimbi huwa moja. Zile za Acme zinazotengenezwa Birmingham, Uingereza, huwa na namba, mathalani 210.5, kusudi mtu akipoteza yake anunue nyingine yenye mlio ule ule. Kwa kawaida, mlio mmoja mrefu humwambia mbwa asimame au akae, na milio mifupi ya kufuatana humwita arudi. Mwenye kupuliza ovyo ovyo kwa hasira humfanya mbwa aone filimbi ni kelele tu kama za barabarani.

Kanuni hii imekwisha kufika kwetu kwa njia nyingine. Shirika la African Wildlife Foundation lina kituo mjini Usa River, karibu na Arusha, Tanzania, ambako mbwa hufunzwa kunusa pembe za ndovu, vipusa na bidhaa nyingine za ujangili. Walinzi wa wanyamapori watakaofanya kazi nao, wakiwemo maafisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya (KWS), hawaletewi mbwa tayari langoni. Huenda wenyewe kituoni, wakaishi huko kwa majuma kadhaa, wakajifunza kumlisha, kumsafisha na kuisoma miondoko ya mbwa mmoja, na ndipo hurudi naye kazini, kama vile uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta au bandari ya Mombasa. Mzigo ukipita mbele yao, mbwa akisita kwa nukta moja tu, mshikaji asiyemfahamu vizuri hataona chochote.

Mwindaji wa Georgia hana nafasi ya kukaa kituoni majuma hayo yote. Anachoshauriwa ni kuendelea na dakika kumi za mazoezi kila siku baada ya mbwa kurudi, kamba ndefu ikiwa bado shingoni, na watu wote wa nyumbani wakitumia maneno yale yale. Msimu ukifunguliwa, apate rafiki wa kufuatana naye katika matembezi matatu au manne ya kwanza. Rafiki ndiye abebe bunduki. Yeye aende na filimbi na kamba tu, jicho lake lisimwondokee mbwa, na mbwa akivunja msimamo na kumkimbilia ndege, ndege huyo asipigwe hata akiwa karibu kiasi gani. Amrudishe mbwa taratibu pale aliposimama, amsimamishe tena, kisha ndipo waendelee.